Kila Mtu Bondeni Alikuwa Mgeni

Sikiliza, wewe unayetaka kusoma sosholojia na nyumbani wanakuuliza itakupeleka wapi. Mimi ilinipeleka bonde la Rufiji, kwa shangazi yangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miaka ile serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi. Kila mtu ajitafutie. Mradi mmoja ukanichukua kwa majaribio, niwahoji wakulima wa mpunga karibu na Ikwiriri. Swali la kwanza lilikuwa jepesi: unaishi wapi?

Nikaanza na jirani wa shangazi. Alikuwa na jiko, kuku, na minazi aliyoipanda mwenyewe. Akajibu kwamba anaishi juu, kijijini. Hapa amepita tu. Wa pili naye amepita tu. Hadi adhuhuri sikuwa nimempata mkazi hata mmoja. Bonde zima, wageni watupu.

Nieleze kidogo. Zamani, serikali ilipowahamishia watu vijijini, hawa waliondolewa bondeni wakapelekwa juu, ambako mafuriko hayafiki. Nyumba zikawa juu, mashamba yakabaki chini. Lakini mpunga haulindwi kwa mbali. Nguruwe, ngedere na ndege huumaliza. Kwa hiyo walirudi, wakajenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakawa wanalala humo miezi mingi ya mwaka. Kusema "naishi hapa" kulikuwa sawa na kukiri kwamba wamekaidi amri.

Jirani akanitania mbele ya wenzake. "Hujaolewa, hujaajiriwa, sasa umepewa kazi ya kuuliza watu wanalala wapi?"

Wakacheka, nami nikacheka, lakini shangazi hakucheka. Alinivuta kando akaniuliza karatasi zile zinakwenda kwa nani. Sikujua. Chuoni nilifundishwa kuuliza, kuulizwa sikufundishwa.

"Mwanangu," akasema, "ukiandika tunaishi hapa, watatuhamisha tena. Ukiandika hatuishi, watasema ni pori, wampe mwekezaji. Mimi sina bonde jingine."

Nikaenda kwa kiongozi wa mradi, ingawa sikuwa na nafasi nyingine ya kazi. Nikamweleza kwamba swali letu linawatisha watu. Afadhali tuulize masika wanakaa wapi, kiangazi wapi, na shamba linalindwa na nani. Kisha nikamuuliza majibu yanakwenda wapi. Akasema yanakwenda wizarani na kwa wafadhili. Majina yanaweza kuachwa, lakini watakaloamua huko yeye hawezi kuliahidi.

Nikamfikishia shangazi maneno yote, hata hilo la mwisho. Akaweka mwiko chini.

"Basi andika tunalima, na tunalala. Jina langu liache."

Majirani wakamfuata, mmoja mmoja. Kazi niliipata. Ripoti ilipoondoka, nilikaa msimu mzima nikimuuliza kila atokaye bondeni kama kuna watu wamefika na kamba za kupimia ardhi. Hawakufika msimu ule. Msimu uliofuata, nikaanza kuuliza upya.

Kazi za namna hii zipo, na utaziweza. Ila kabla ya swali lako la kwanza, waambie watu majibu yao yanakwenda kwa nani. Kama hujui, nenda kaulize, ndipo urudi.