Pleti ya Tatu ya Mzee Isdori

Fundi Anyitike husema kila mguu una mwandiko wake. Ukimpelekea pleti ya klachi iliyokwisha, haulizi kwanza gari ni la nani. Huipangusa kwa kitambaa, huinusa, huigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha hutabasamu au huguna. Iliyoungua kingo ni ya kijana anayeondoka kwa kishindo ili watu wa stendi wageuke. Iliyopasukapasuka ni ya mfanyabiashara aliyepakia mahindi kama vile gari halina roho.

Sumbawanga mjini mafundi wengi siku hizi hutoa pleti kuukuu wakaweka mpya, basi. Lakini wenye magari ya zamani, ambayo spea zake huagizwa Mbeya na kukawia, humwendea Anyitike. Yeye hung'oa ribiti, zile pini za kushikiza, moja moja, huvua ngozi ngumu iliyolika, hugonga nyingine, kisha husugua kwa msasa chuma kitakachokutana nayo mpaka king'ae. Kazi hiyo alitoka nayo Tukuyu miaka ishirini na miwili iliyopita, yeye na mkewe, Happy. Happy sasa ana mwaka wa nne makaburini, na tangu hapo Anyitike hula chakula cha mchana peke yake gereji, ameegemea tairi.

Isipokuwa siku za Mzee Isdori.

Isdori ni dereva wa pikapu ya shule moja ya masista, upande wa Mpui. Ni Mfipa mwembamba wa miaka hamsini na tisa, mwenye kofia ya sufu anayoivua kanisani tu. Mwaka ule klachi yake ilikufa mara tatu: Februari, Julai, na tena Novemba mvua zilipoanza. Kila mara alikaa gereji siku mbili, akila sufuria moja na fundi.

"Wewe Mnyakyusa," alikuwa akisema, "siku hujala ndizi hiyo klachi itashika kweli?"

"Itashika. Tatizo ni ninyi Wafipa. Mnashindilia ugali wa ulezi, halafu mnashangaa gari haliwezi kilima."

Lakini safari ile ya tatu Anyitike alipoivua pleti hakutania. Haikuungua kingo wala haikupasuka. Ilikuwa imelika sawasawa na kung'aa kama kioo, kama ile ya Februari, kama ile ya Julai. Huo ni mwandiko wa mguu usiotoka juu ya pedali. Unaikalia kidogo tu, kutwa nzima, nayo klachi inasuguana bila kushika wala kuachia.

Jioni hiyo Sista Redempta, mkuu wa shule, alipiga simu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Fundi."

"Milele, amina, Sista," alijibu Anyitike, ingawa yeye ni Mmoraviani.

"Kesho mchana nakuja mwenyewe. Utaniambia ukweli: ni spea feki au ni dereva? Kama ni dereva, kuna kijana ametoka chuo cha udereva, anasubiri. Na hiyo pleti ya zamani nataka kuiona kwa macho yangu."

Isdori alikuwa amekaa palepale kwenye benchi. Alisikia yote.

"Mwambie spea feki," alisema.

"Spea nilizichagua mimi, Mzee."

"Basi sema ulidanganywa dukani. Fundi, binti yangu Zita bado mwaka mmoja amalize chuo cha uuguzi. Mwaka mmoja tu."

Anyitike alifunga sanduku lake la spana. Jina lake mjini lilisimama juu ya kitu kimoja, kwamba akikwambia spea ni nzima, ni nzima. Usiku aligeukageuka kitandani, na asubuhi, gari likiwa limeshafungwa pleti mpya, akasema, "Twende tukalijaribu."

Walishika njia ya Kaengesa. Upepo wa uwanda ulikuwa ukilaza majani ya kando ya barabara. Anyitike hakutazama njia, alitazama mguu wa kushoto wa Isdori. Ulikuwa umejilaza juu ya pedali kama kuku anayeatamia.

"Goti?" aliuliza.

Isdori alibadili gia kwanza. "Gunia la maharage liliniangukia, tunapakia chakula cha watoto. Mwaka juzi. Nikiukunja mguu, goti linawaka. Nikiuacha sakafuni, linawaka. Hapo juu ndipo linapotulia."

"Sista anajua?"

"Sista anajua gari lina klachi mbovu."

"Hujamwambia?"

"Dereva wa goti bovu, Fundi, nani anamtaka?"

Walirudi mjini. Pale gereji Anyitike aliichukua ile pleti ya tatu, akaivua ngozi yote ikabaki chuma kitupu cha duara. Akamkalisha Isdori kwenye usukani, akampima kama fundi cherehani: kisigino hapa, unyayo hapa, inua kidogo, je, sasa? Akachomelea kile chuma sakafuni kushoto mwa pedali, kimeinama kuelekea dereva, juu yake akafunga kipande cha tairi.

"Weka mguu."

Isdori akauweka. Alikaa hivyo muda mrefu, akitazama mbele kama mtu aliye safarini.

"Umetulia?"

"Umetulia, baba."

Sista Redempta alifika saa nane, na mwavuli wake. "Pleti iko wapi?"

"Ingia garini, Sista. Tazama chini kushoto."

Alitazama. Akakigusa kile kipande cha tairi kwa ncha ya mwavuli.

"Spea zilikuwa nzima," alisema Anyitike. "Ni mguu wake. Ulikuwa hauna pa kukaa, ukakaa juu ya klachi. Aliumia akipakia maharage ya watoto wako."

Sista alimgeukia Isdori, ambaye alikuwa ameivua kofia kana kwamba yuko kanisani.

"Miaka miwili, Mzee Isdori? Na kila siku nakuuliza umeamkaje!"

"Naamka salama, Sista. Goti ndilo linachelewa."

Sista alijizuia kucheka, akashindwa. "Jumatatu unakwenda hospitali. Na klachi hii nakupa mpaka Pasaka. Ikifa kabla, tutaongea mengine."

Pasaka ikaja, ikapita. Pikapu ilikuwa ikipita barabarani, na Anyitike, spana mkononi, alikuwa akiisikiliza ikibadili gia kwenye kilima, laini, bila kuteleza. Alifurahi. Kisha alikuwa akienda kula, ameegemea tairi, na sufuria ikimbakia nusu.

Mwezi wa sita, baridi imekaza, pikapu ikakata kona na kuingia gereji. Isdori alishuka na bakuli lililofungwa kitambaa.

"Fundi, kuna mlio."

"Mlio gani?"

"Mdogo. Huku chini. Unakuja, unaondoka."

Anyitike alisikiliza. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri kama siku ya kwanza. Alitazama lile bakuli, lililotoa mvuke wa ugali wa ulezi.

"Mlio wa namna hiyo hauonekani upesi," alisema. "Una muda?"

"Sista amenipa mpaka jioni."

"Basi sogeza benchi," akasema Anyitike, akatandika gunia, akaingia chini ya gari kuutafuta.