Samurai Asiyetaniwa

Mama alipoziona dadu kwa mara ya kwanza alijua tumeanza kamari. Alisimama mlangoni na ungo wake wa alizeti, akatuangalia watatu tuliozunguka meza barazani kwake, akauliza nani amekula hela na nani ameliwa. Nikamweleza kuwa hakuna hela. Ni mchezo wa hadithi: kila mchezaji anakuwa mtu fulani, mwindaji au mganga au mwizi, mimi nasimulia yanayowakuta, na dadu zinaamua kama wamefaulu. Mama akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo watu wazima, Jumapili nzima, mnadanganyana bure?"

Akarudi ndani. Hajatusumbua tena, ila wageni wakija huwaambia wapite pole pole, kuna kikao.

Mimi ni fundi simu mjini Singida na nyumbani ni Mwankoko. Wachezaji wangu wawili ni rafiki zangu tangu sekondari. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke Mnyaturu kama mimi, mwenye mdomo usio na breki. Mwingine ni Mnyiramba anayefanya kazi ofisi za wilaya kule Nduguti na kurudi mjini kila mwisho wa wiki. Wanyaturu na Wanyiramba ni watani, kwa hiyo mchezo wetu ulikuwa nusu vita na majitu, nusu matusi. Mwalimu alisema Mnyiramba hachomoi upanga mpaka ahakikishiwe kuna kuku wa kuchinja. Naye akajibu kwamba Mnyaturu akiona jitu hukimbia, halafu jioni anasema alikuwa anafuata ng'ombe. Nilikuwa napiga meza kuomba utulivu huku mbavu zinaniuma.

Kisha mwaka jana Mnyiramba wetu akafiwa na baba yake. Tulikwenda kuzika, na msibani watani walifanya kazi yao kama kawaida. Mwalimu alivaa koti la marehemu na kofia yake, akachukua fimbo yake, akazunguka uani akichechemea na kufoka: nani ameingiza mbuzi kwenye mtama wangu, na nyie mnaolia hapa mmeshapika? Watu walicheka. Mjane mwenyewe alicheka huku anajifuta machozi kwa kanga. Mtoto wa marehemu peke yake hakucheka. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba.

Aliendelea kuja kwenye mchezo, lakini alikuja kama mtu anayekuja kazini. Mwalimu akimtania, anaangalia simu. Akimsalimia, anaitika kwa upole ule wa kuzungumza na mtu wa dirishani ofisini. Iliniuma sana. Hawa ndio marafiki nilionao, sina wengine wa akiba, na niliona urafiki wao unafia mezani kwangu.

Siku moja Mnyiramba akaniambia, "Mtani, nitengenezee samurai. Nataka mtu asiyetaniwa."

Nilirukia kazi hiyo kwa furaha yote. Kutunga aina mpya ya mhusika ni utamu ambao siwezi kumweleza mtu asiyeujua. Swali la kwanza lilikuwa hili: samurai, yule askari wa Kijapani wa zamani, ana nini ambacho askari wa kawaida hana? Upanga mrefu kila mtu anao. Nikampa pigo la kwanza: akichomoa upanga kabla ya adui, dadu yake inaongezewa nguvu. Nikampa farasi na upinde, ila katika hadithi yetu farasi walikuwa hawajawahi kutajwa, na mwalimu akashikilia kuwa huku kwetu atapanda punda. Samurai akapanda punda. Nikaweka pia kwamba hawezi kumsemesha bwana wake, yule anayemtumikia, bila kuinama. Mnyiramba akaona kuinama peke yake hakutoshi, akaongeza shikamoo.

Halafu nikatunga kanuni ya heshima. Niliiandika kwa herufi kubwa, nikajisifu: bwana wa samurai akidhihakiwa, lazima samurai achomoe upanga, hata kama anayedhihaki ni rafiki yake. Asipochomoa, nguvu zake zote zinapotea. Ilisomeka vizuri mno. Sikukumbuka kabisa kwamba naitunga mahali ambapo dhihaka ndiyo salamu.

Jumapili ya kwanza samurai alitaka kupigana na mwenye nyumba ya wageni, mvuvi wa ziwani na mke wa mvuvi, kwa sababu kila niliyemleta kwenye hadithi nilimpa mdomo wa kwetu, akamtania bwana. Sijui kusimulia watu wengine. Jumapili iliyofuata mambo yakawa mabaya zaidi. Bwana wa samurai alivamiwa na majambazi njiani, nikarusha dadu kumtetea, zikakataa, bwana akafa. Sikupanga hivyo. Uani kuku walikuwa wananyatia alizeti ya mama.

Mwalimu, ambaye mhusika wake ni mrina asali, akainuka. Nilimkanyaga mguu chini ya meza lakini hakujali. Akachukua fimbo ya kufukuzia kuku, akajitupia kitenge cha mama mabegani kama koti, akaanza kuchechemea barazani. "Nani ameingiza punda kwenye mtama wangu?"

Sote tulijua yule hakuwa bwana wa samurai.

Mnyiramba akaokota dadu. Akiirusha, kwa pigo lile la kwanza mrina asali angekuwa maiti, na nilimfahamu mwalimu: asingetunga mhusika mwingine, angechukua mkoba wake aende.

"Kanuni inasemaje?" akaniuliza.

"Unaijua."

"Nataka uiseme."

"Lazima uchomoe," nikasema. Sijawahi kuchukia kitu nilichokitunga kama siku ile.

Akaichezesha dadu kiganjani, kisha akaiweka mezani taratibu, bila kuirusha.

"Mguu wa kushoto," akasema.

"Nini?" mwalimu akauliza.

"Baba alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Kule msibani ulichechemea wa kulia. Watu wote wanacheka, mimi naona unamwigiza mzee wa watu wengine. Nikasema basi, ameshasahaulika, hata hatujamfukia."

Mwalimu akashika mdomo. "Mbona hukuniambia, Mnyiramba wewe?"

"Ningekuambiaje? Nilikuwa nimefiwa."

Mwalimu hakuomba msamaha. Watani hawaombani msamaha. Alihamisha fimbo mkono mwingine, akautupa mguu wa kushoto. "Hivi?"

"Pole pole. Usiukunje sana." Rafiki yangu alikuwa amesogeza kiti nyuma ili aone vizuri. "Sasa akifika kwenye kiti hakai moja kwa moja. Anakohoa kwanza, mara mbili, halafu anashika goti."

Mwalimu akafika kwenye kiti. Akakohoa kikohozi kizito cha mzee, mara mbili, akashika goti, akashuka.

Mama akakisikia kikohozi kutoka jikoni. "Nani huyo mzee amefika? Shikamoo baba! Jamani, mpisheni kiti!"

Rafiki yangu alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Usijali mama," akamjibu. "Ameshakaa."