Pipa la Dod Pringle

Mnanisumbua na habari za Dod Pringle kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma kupika bia. Haya, naandika, mradi mkishasoma mniache nipumue.

Dod alikuwa mfumaji wa kiwandani hapa Selkirk, mji wetu wa Uskoti, kisha akastaafu, kisha mkewe Elspeth akamfia. Elspeth ndiye aliyekuwa akipikia ukoo mzima bia ya uzazi, ile nyeusi, nzito, tamu. Huanza kupikwa mimba ikionekana, ili iwe imetulia siku mtoto anapofika. Anayekuja kumwona mtoto lazima anywe kikombe, la sivyo hajaja.

Binti yao Ailie akashika mimba ya kwanza. Akamwambia babake, "Zawadi sitaki, Baba. Nataka ile ya Mama."

Mtu mmoja tu alijua ile ya Mama: Robina, mdogo wake Elspeth, aliyekuwa akikoroga sufuria. Lakini Robina hakuwa amemsemesha Dod tangu mazishi ya dada yake, kwa kuwa hakupewa kamba ya kushushia jeneza. Kwetu kamba si mchezo: ni heshima ya ndugu wa karibu wa marehemu. Na Dod naye, kichwa kigumu, akasema atapika mwenyewe.

Alikumbuka ladha ya moshi. Akanunua kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, kilichokaushwa kwa moshi wa udongo wa mboji tunaouchoma kama kuni, akajaza sufuria. Akaongeza maua ya hopsi, yale ya kutia bia uchungu, mpaka mkono ukachoka. Kisha, kwa vile ilikuwa Januari na baridi kali, akaitia bia pipani pamoja na hamira, akaliweka pipa kando ya jiko na kulifunika blanketi kama mgonjwa.

Wiki chache baadaye Ailie alipoonja, alitema kwenye sinki.

"Baba, hii ni chimni iliyomwagiwa ndizi mbovu!"

Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Dod akamwaga pipa zima bustanini, akavaa kofia, akaenda kugonga kwa Robina.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi gani? Namjua Mimi mmoja tu, aliyeninyima kamba."

"Shemeji, fungua, kuna baridi."

"Baridi ikupate. Kwanza kamba."

Dod akavua kofia pale mvuani. Akasema, "Kamba ilikuwa haki yako. Nilikosea."

Mlango ukafunguka. Robina alikuwa tayari amevaa aproni.

"Ulitia nini?"

"Kimea cha moshi."

"Cha moshi! Tangu lini? Wewe umeishi na dada yangu miaka yote hiyo hujui anachopika?"

"Mbona nilikuwa nasikia moshi?"

"Ulikuwa unasikia sufuria, bwege wewe!"

Wakaenda jikoni kwa Dod, Robina akamwonyesha. Kimea cha kawaida, kingi, na shayiri iliyochomwa kiganja kimoja tu, kwa rangi. Maji ya kwanza yanayotoka kwenye kimea kilicholowekwa kwa maji moto, yale mazito, akayatenga, akayachemsha peke yake mpaka yakashika kijiko kama asali na kuanza kunukia kuungua. Hapo ndipo moshi wa Elspeth ulipotoka. Hopsi kidogo mno, na Dod alipotaka kuongeza akapigwa mkono.

"Na pipa?"

"Stoo, kwenye baridi. Hamira ifanye kazi polepole; ikipata joto hutoa ladha ya ndizi. Blanketi mpe mtoto."

Ailie alijifungua msichana siku za majani mabichi, baridi ilipokwisha. Alirudi nyumbani kwa babake, akaketi, akapewa kijiko kimoja tu cha bia, cha kulowesha ulimi. Akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Ndiyo Mama."

Dod akatoka upesi kwenda uani, akijifanya anatafuta kuni.

"Dod!" Robina akapaza sauti. "Wageni wako mlangoni, nani atamimina? Au unataka nimimine mimi, halafu uanze kusema nimekunyang'anya pipa?"

Tangu siku hiyo Robina hashikiki kwa majivuno, kila mtu anamsifia. Hata mimi nimechoka.

Sasa wewe uliyesoma bure: kapike yako, bila moshi, uniletee chupa mbili. Na usije na moja ukasema nyingine ilivunjika njiani.