Imesimama, Imelala

Siku ya kwanza niliporipoti kwenye ghala la silaha, Sajinitaji msimamizi alinikabidhi bastola kabla hata ya kunionyesha pa kukaa. "We mura, kijana wangu, kwanza iogope," alisema. "Mengine utajifunza." Niliiogopa, na hadi nastaafu woga haukunitoka. Vijana, anayeshika silaha bila woga kaeni mbali naye.

Bastola ya maofisa wakati ule ilikuwa fupi, nzito, mpini umeliwa na viganja vya waliotutangulia. Ubavuni ilikuwa na kijiti cha usalama. Kikiwa juu haifyatuki. Ukikishusha, iko tayari kuua. Basi ghalani tulikuwa na neno letu. Unauliza, "Imesimama?" Ukijibiwa "Imesimama," unaipokea. Neno hilo lilitutosha miaka mingi.

Kisha zikaja bastola mpya, ndefu, magazini yake inameza risasi karibu mara mbili. Ila kijiti kiligeuzwa: juu ni moto, chini ndiyo salama. Kapteni alitufundisha asubuhi moja akaenda zake. Nikamwambia Sajinitaji kwamba lile neno sasa litatuua.

"Sisi watoto?" akanijibu. "Tutazoea."

Mkubwa akishasema, nani wa kubisha?

Wiki hiyohiyo Koplo Chacha, mzaliwa wa Genkuru, alikuja kwangu kuchukua bastola mpya ya kusafisha. "Imesimama, afande?" Nikatupa jicho, kijiti kiko juu. "Imesimama," nikasema. Sikutoa magazini, sikuchungulia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kutoka. Chacha akabonyeza kifyatulio kujaribu usalama, kama tulivyofanya siku zote. Risasi ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Meja aliyechunguza aliniuliza, "Chacha alikuuliza kama ni salama?"

Nilikuwa na watoto wanne na hofu ya kufukuzwa. "Hakuuliza, afande."

Chacha akaachishwa kazi kwa uzembe. Aliposomewa maneno yangu hakubisha; aliniangalia tu.

Mimi nilimaliza utumishi kwa heshima, sasa nalima hapa Issenye. Mwezi uliopita tulikutana msibani. "Shikamoo, afande," akaniamkia, kwa adabu ileile. Nikaitikia marahaba, macho yangu kwenye mkono wake wa kushoto. Watu wa kwao bado wanamwita mzembe, na wanawe wanasikia.

Kesho nakwenda Genkuru. Naogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Nitaomba wanawe wawepo, niwaambie baba yao aliuliza, na mimi ndiye niliyemjibu.