Ruhusa ya Kumeza

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa muonja mvinyo, na mtaani kwetu hakuna aliyejua hiyo ni kazi ya namna gani. Walimwona akirudi safarini na begi lake, meno yamepata rangi ya zambarau, wakaimalizia hadithi wenyewe. Fundi viatu wa kona ndiye aliyembandika jina la Bwana Tema, siku alipoelezwa kwamba mvinyo huwekwa mdomoni tu, ukasukumwa huku na huku, kisha ukatemwa kwenye ndoo.

"Kwa hiyo unalipwa kutema," fundi alisema.

"Nalipwa."

"Mimi natema bure tangu nizaliwe."

Naandika haya ili wajukuu wa ukoo huu wasije wakasimuliwa habari za babu yao na fundi viatu.

Nyumba niliyoolewa ilikuwa ya walimu. Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu, na kileo hakikuvuka kizingiti chake. Shemeji alipopata kazi katika kampuni ya kuagiza vinywaji, mama mkwe alituita sebuleni, akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho. Hakumkataza.

"Onja, mwanangu, kama ndiyo kazi," alimwambia. "Lakini kisishuke kooni. Kikishuka, umeliingiza jina la baba yako kwenye chupa."

Shemeji aliahidi mbele yetu sote. Mama akaongeza kwamba yeye akiondoka, ahadi hiyo itashikwa na mume wangu, na mume wangu akiondoka, itashikwa na mimi. Waliondoka wote wawili, ikabaki mikononi mwangu.

Kazi ilimpeleka mbali. Alifika kwenye miteremko ya mawe ambako zabibu huchumwa kwa mikono, kwa sababu trekta ingebiringika mpaka mtoni. Alifika kwenye mabonde makavu chini ya milima ya theluji, ambako kila mzabibu huishi kwa maji ya mfereji. Alifika kwenye nchi ambako mvinyo huchachushwa ndani ya mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini hadi shingoni. Huko, alisema, mwenye nyumba hutoa maneno marefu ya heri kabla ya kunywa, na mgeni anayenyanyua glasi mapema huonekana hakulelewa. Kwingine mvinyo huwekwa mezani kama maji, wala hakuna anayeuzungumzia. Alijifunza kusalimia kwa lugha nyingi, na kutema kwa adabu.

Mwaka mmoja bosi wake alimtuma kwa mzee mwenye shamba dogo juu ya kilima, ambaye mvinyo wake ulikuwa ukiuliziwa na mahoteli ya kwetu. Wanunuzi waliotangulia walikuwa wamerudi mikono mitupu, maana mzee yule hakumuuzia mtu asiyempenda. Bosi alisema waziwazi: shemeji naye akirudi hivyohivyo, safari zimekwisha, atahamia bohari akapange makreti.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Walishuka ghalani, mzee akavuta mvinyo kutoka pipa moja baada ya jingine, shemeji akanusa, akaonja, akatema kwenye ndoo, akasema alichokiona. Mzee aliridhika, akamwalika chakula cha mchana pamoja na mkalimani wao.

Mezani mzee alifungua chupa ambayo haiuzwi. Mvinyo ule aliutengeneza mwaka aliomuoa mkewe. Shemeji aliunusa, akauweka mdomoni, akausukuma huku na huku, na mazoea yakamponza: akautema ndani ya glasi ya maji.

Mke wa mzee aliweka uma chini. Mkalimani akainama sikioni mwa shemeji. "Ghalani unatema," alisema. "Mezani kwa mtu hutemi."

Mzee hakugomba. Alimmiminia glasi nyingine, akaegemea kiti, akasubiri.

Nilikuwa napiga pasi mapazia simu ilipolia.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Niko mezani kwa watu. Nimetema."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Hiyo ni ya ghalani. Hapa nimewatemea chakulani, tena mvinyo wa harusi yao."

Nikachomoa pasi. Akanieleza yote kwa kifupi, na nyuma ya sauti yake sikusikia hata kijiko.

"Naomba ruhusa nimeze," alisema. "Ukikataa, nitawashukuru, niondoke."

"Na kazi?"

"Kazi itakuwa imekwenda na maji."

"Mama mwenye nyumba yuko wapi?"

"Mbele yangu. Amekunja mikono."

"Chakula amepika nani?"

"Yeye."

Nilimfikiria mama mkwe. Alichokilinda ni kwamba mtoto wa nyumba ile asiiaibishe popote aendapo. Kwa ulevi shemeji hakuwahi kutuaibisha. Aibu iliyokuwepo ilikuwa pale mezani, kwenye glasi ya maji, na ilizidi kukua kila dakika niliyochelewa kujibu.

"Meza," nikamwambia. "Glasi moja, ukiwa umekaa wima. Kwanza muombe radhi mama wa watu, halafu mzee. Na useme umeruhusiwa na nani, wasidhani umejiamulia."

Alifanya hivyo. Mke wa mzee aliuliza aliyekuwa kwenye simu ni nani. Alipoambiwa ni mke wa marehemu kaka mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli nyumbani, alimgeukia mumewe akamwambia amsogezee mgeni mkate. Baada ya chakula mzee alitoa mkono, na mkono ule ndio uliokuwa mkataba.

Sikungoja maneno yafike yenyewe. Shemeji aliporudi, nilimwita sebuleni pamoja na mkewe na wifi yangu mkubwa, nikawaeleza mwenyewe. Wifi ana sauti ya baba yake.

"Wifi, nani amekupa mamlaka ya kufungua alichofunga mama?"

"Huyohuyo aliyenipa nikishike."

"Leo glasi, kesho pipa."

"Kesho hana ruhusa. Muulize."

"Sina," shemeji alisema.

"Na watu wakisema?"

"Walishasema wakati hajameza," nikamjibu. "Sasa angalau wana jambo."

Mke wa shemeji alicheka ndani ya kanga yake. Wifi hakucheka. Alikoroga chai yake, akamtazama ndugu yake.

"Kilikuwaje?"

"Nini, dada?"

"Hicho ulichomeza."

Miaka yote aliyosafiri, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Shemeji aliweka kikombe chini. Alisema mwanzo ulikuwa mkavu na baridi, kama jiwe lililonyeshewa, halafu ukaja uchachu wa tunda lisiloiva sana. Mpaka hapo alipajua, ndipo alipozoea kutemea. Lakini ulipopita kooni uliacha joto kifuani, na harufu ikarudi upya kwa ndani, pana kuliko ya kwanza. Akasema alihisi kama mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiondoka kabla mwenyeji hajamaliza kuzungumza.

Mkewe akauliza jiko la watu wale likoje. Wifi akauliza kwa nini zabibu zipandwe kwenye mawe wakati udongo mzuri upo. Shemeji akaanza kueleza habari za mizizi, akitumia vikombe na sahani kuonyesha kilima, na wifi akasogeza birika ili apate nafasi.