Nilivyouamsha Mlima Siku ya Posa

Aibu hii ni yangu na sina wa kumsukumia, ila kwa kuwa kule sokoni Kwa Sadala kila anayeihadithia ananiongezea mbio ambazo sikupiga (magoti haya yanajua), acha niiseme mwenyewe ilivyokuwa.

Mjukuu wangu Manka aliposema amepata mchumba, na kwamba baba wa kijana ni mwalimu mstaafu wa jiografia anayekaa Njoro, mjini Moshi, nilifurahi halafu nikaogopa. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa kwenda kukata majani ya ng'ombe. Huyo mtoto nimemlea kwa mgongo huu, ada yake imetoka kwenye maziwa niliyokamua kwa mikono hii, leo ni muuguzi, na sikutaka siku ya posa wakwe wanikute nimewekwa kwenye kona kama gunia la mbolea. Basi nikamwomba aniwekee kwenye simu zile video za kueleza habari za dunia, akaniwekea za Kiswahili, anasimulia bwana mmoja mwenye sauti ya mchungaji. Nikaangalia mwezi mzima. Nikajua kwamba nchi tunayokanyaga inatembea (polepole, kama kucha inavyoota), nikajua mawe meusi ya shambani kwangu, ambayo nimeyalaani tangu niolewe, zamani yalikuwa uji wa moto, na nikajua kwamba mlima wetu wa Kibo, ambao nauona kila nikitoka kwenda chooni, haujafa, umelala. Hilo la kulala lilinikaa. Yule bwana alisema mlima ukitaka kuamka unatoa dalili: ardhi inapata joto, moshi unatoka kwenye nyufa, na wanyama wanakataa kula.

Siku moja kabla ya posa nyumba nzima inahangaika, mimi nikaona niangalie video moja tu ndipo nikamenye ndizi. Mkwe wangu, mama yake Manka, akasimama mlangoni akaniambia jambo fulani, nikamjibu sawa. Nakumbuka nilisema sawa. Sikumbuki sawa ya nini.

Kesho yake wakwe wakaja, Mwalimu na suti yake, mkewe, na mshenga. Shikamoo zikaisha, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, Mwalimu akatazama nje akasema leo mlima umejitokeza vizuri. Nikamwambia umejitokeza ndiyo, ila umelala tu huo, chini kuna uji wa moto. Mwalimu akanigeukia mzima mzima. Tukazungumza, jamani, kama watu waliokaa dawati moja, mpaka mshenga akasahau alichoandaa kusema, na Manka akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu azaliwe. Hapo ndipo ningetulia kwenye kiti.

Sikutulia. Nikatoka kukata jani bichi la mgomba la kufunikia nyama, nikapita nyuma ya banda la ng'ombe, nikaona ardhi inatoa moshi. Hakuna moto, hakuna takataka, ni udongo mtupu wenye nyufa, na kwenye kila ufa moshi mwembamba. Nikavua ndala nikakanyaga: joto. Nikamtazama ng'ombe: amelala, majani yake hajayagusa (alikuwa ameshindiliwa machicha ya mbege tangu asubuhi, lakini hilo halikunijia). Nikarudi ndani, nikasimama mlangoni.

"Wageni, naomba tunyanyuke taratibu tushuke. Mlima umeamka."

Mwalimu akauliza kama nina hakika. Nikamtajia dalili zote tatu kwa mpangilio, na nadhani nilizitaja vizuri mno, kwa sababu aliweka kikombe chini akasema twende tukaone. Akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo, akakitoa. Akasema "ee" moja ndogo. Halafu akatupita.

Sasa mtu akimwona mwalimu wa jiografia anaukimbia mlima, hana haja ya kuuliza swali. Mshenga akafuata, mke wa Mwalimu akashika viatu mkononi, majirani wakauliza kuna nini wakajibiwa mlima, wakafungulia mbuzi, na kuna mtu mpaka leo hajajitaja aliyekwenda kugonga kengele ya kanisa. Mimi nilikuwa wa mwisho, nawahimiza wasisukumane. Kule chini barabarani tukakutana na mkwe wangu anapanda na kreti ya soda kichwani, akauliza kijiji kizima kinakwenda wapi. Nikamweleza moshi wa nyuma ya banda.

"Mama," akasema, "hizo ni ndizi zangu za soko. Nimezivundika kwenye shimo na moto wa kuziivisha. Nilikuambia jana, ukasema sawa."

Wote wakasikia. Mwalimu alikuwa na kiatu kimoja, kingine kimebaki mferejini. Akaingia na watu wake kwenye gari lao walilokuwa wameliacha hapo barabarani, wakashuka mjini, posa haijatamkwa. Manka hakulia. Alisema tu, "Bibi, ulikuwa umeshashinda," akaenda kuosha vikombe.

Siku zikapita Njoro kimya. Mwishowe kijana akampigia Manka kwamba baba yake hataki kusikia habari ya kupanda tena huku, na si kwa hasira, ni kwa haya, mtaa mzima umeshapata habari. Nikakata jani la isale, nikalifunga fundo (kwetu mkosaji akikuletea jani hilo ukalikataa, kosa linahamia kwako), nikashuka na mwanangu, baba yake Manka. Tulimkuta Mwalimu amekaa anatazama pazia.

"Mama," akasema, "nimefundisha jiografia mpaka nimestaafu, halafu nimekimbia ndizi."

"Hukukimbia, Mwalimu. Ulikuwa unatuonyesha njia."

Mkewe akatazama dari. Mwalimu akalifikiria neno hilo muda mrefu, akaona linaweza kusemwa mbele za watu, akapokea jani. Jumamosi iliyofuata walipanda tena, na posa ikatamkwa kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kutoka nje.

Video bado naangalia, sitadanganya, sasa hivi nimefika kwenye matetemeko. Ila nimeapa mbele ya Manka: nikiona ardhi inafanya jambo lolote, hata ikitema moto, nitakwenda kwanza kumwuliza mkwe wangu amezika nini.