Karoti za Darasa la Pili

Wifi yangu ni mwalimu wa darasa la pili, na naanza kwa kusema nampenda, maana nitakayoyasimulia yanaweza kuwafanya mdhani tuna ugomvi. Hatuna. Tunaishi ua mmoja, tunafundisha shule moja, na kaka yake ndiye mume wangu, kwa hiyo kumtania ni haki niliyoolewa nayo.

Ugonjwa wake ni bustani. Kila shule aliyohamishiwa, kabla hajajua choo cha walimu kiko wapi, ameshaomba kipande cha ardhi ili watoto wapande mboga. Kuanzisha ni hodari. Shida ni kwamba mkono wake unajua kupanda tu, kung'oa hauwezi. Katika shule ya kwanza mchicha ulisongamana kama nywele za brashi, hakuna jani lililozidi ukucha wa kidole gumba. Shule ya pili nyanya zilijiamulia mambo zenyewe, zikawa kichaka, mpira wa darasa la nne ukaingia humo na haukuonekana tena. Walimu wakambandika jina la Mama Msitu, nalo likamfuata hadi kwetu. Nani alilileta, tusiulizane.

Mwalimu mkuu wetu alimpa ardhi nyuma ya darasa lake, ila kwa masharti. Alikuwa amenunua gari, na kivuli kizuri pale shuleni kiko nyuma ya darasa la pili. Akamwambia mbele yetu sote, kikombe cha chai mkononi, "Mwalimu, muhula huu nataka kuona mboga kwenye sahani za watoto wako, mlo mmoja tu. Nikiona msitu, namwita fundi amwage saruji, naegesha gari langu."

Wifi akacheka pamoja nasi. Nyumbani hakugusa chakula. "Akimwaga saruji pale, wifi, mimi siombi tena ardhi kwa mtu," aliniambia. Namjua vya kutosha kufahamu kwamba hapo hakuwa anatania.

Basi mngetegemea apande kwa akili. Akachagua karoti, kisha akataka kila mtoto apande punje yake mwenyewe, na kando ya punje achomeke kijiti chenye jina lake. Na ni mtoto gani anayekubali kukaa mbali na rafiki yake? Walipanda wamebanana vilevile wanavyobanana kwenye madawati, watatu pa mmoja, na upande wa karibu na bomba ukakosa hata pa kuchomeka kijiti. Upande wa pili wa tuta ulibaki mtupu, mijusi ikaota jua.

Karoti zikaota zikiwa zimekumbatiana. Zisipopunguzwa, huvuni karoti, unavuna nyuzi.

"Wifi, punguza hiyo miche," nilimwambia tukichambua mchele.

"Nimng'oe nani?"

"Si mtu, mama. Ni karoti."

"Ina majina."

"Majina tuliyaandika sisi!"

"Ndiyo maana," akasema, akapeleka ungo jikoni.

Mume wangu alijaribu, akaambiwa akanyoe ndevu. Siku zikawa zinakwenda, miche inarefuka majani, chini hakuna kitu, na mwalimu mkuu ameanza kupita nyuma ya darasa akipima kwa hatua. Uvumilivu ukanishinda. Jumamosi asubuhi, shule ikiwa tupu, nikaenda peke yangu, nikapiga magoti kwenye tuta, nikaanza kung'oa. Sikusoma vijiti. Nilikuwa na ngumi imejaa miche nilipoona viatu vyake mbele yangu.

Nilijiandaa kutukanwa. Alikaa tu pembeni ya tuta, na gauni lake safi.

"Mimi nilirudia darasa la pili," akasema. "Mwalimu alisoma majina ya wanaopanda la tatu, akamaliza, akafunga daftari. Wenzangu wote wakatoka. Mimi nikabaki nimekaa, nadhani amenisahau."

Miaka yote niliyokaa naye ua mmoja sikuwa nalijua hilo. Nilimwonea huruma hadi nikataka kuichomeka tena ile miche.

"Endelea," akasema. "Nimeshaona siwezi. Lakini usitupe, nipe mimi. Na usinitajie jina la mtu."

Akajaza udongo mbichi kwenye ndoo. Mimi nikang'oa mche na kijiti chake, yeye akapokea, mpaka zilizobaki zikapata nafasi ya kupumua. Kuanzia siku hiyo ua wetu ukawa hospitali ya karoti. Makopo ya rangi, makopo ya maziwa, beseni lililotoboka, mpaka sufuria yangu nzuri, yote yalijaa wagonjwa wenye majina. Mume wangu akakosa pa kuegemeza kioo cha kunyolea. Mtu akitaka kwenda bafuni, anaomba njia.

Jumatatu nilidhani darasa zima litalia. Wifi aliwaeleza wazi kwamba karoti zilikuwa zimebanana, kwa hiyo baadhi zimehamia nyumbani kwa mwalimu. Kilio kilikuja kweli, ila upande mwingine kabisa. Waliohamishwa walitembea vifua mbele wiki nzima. Waliobaki ndio walioleta malalamiko. "Mwalimu, yangu imekosa nini mpaka isiende kwako?"

Siku ya kuvuna, tuta lilitoa karoti nono, zimenyooka, zikajaza karai la mpishi. Mwalimu mkuu alikuja kuangalia, akala sahani nzima amesimama, akaomba nyingine. "Haya, Mama Msitu," akasema, "gari litakaa juani." Wifi alimshukuru, lakini nilimwona hana raha. Chini ya meza yake kulikuwa na ndoo iliyofunikwa kanga.

Karoti zikihamishwa hazisamehe. Zile za makopo zilikuwa fupi, zimepinda, zimegawanyika chini kuwa mbili mbili. Moja ilikuwa kama suruali ndogo iliyoanikwa vibaya. Nilikuwa nimemshauri tuzikatekate usiku tuziingize kwenye mchuzi, wenyewe wasijue. Akakataa. "Walipanda. Nitawapa. Wakinuna, wataninunia mimi."

Akafunua kanga, akaita jina la kwanza. Alitoka binti mmoja mpole, wa dawati la nyuma, asiyejibu swali mpaka aombwe mara tatu. Wifi akamkabidhi ile suruali bila kumtazama usoni. Binti akaigeuza huku na huku. Mimi nikachungulia kutoka mlangoni.

"Ina miguu!" akapiga kelele. "Yangu imerudi kwa miguu kutoka kwa mwalimu!"

Darasa lililipuka. Kila aliyekuwa na karoti kwenye ndoo alitaka kuona yake ina miguu mingapi, na wenye karoti zilizonyooka walianza kunung'unika kwamba zao hazijawahi kutoka hata nje ya tuta. Wifi alicheka mpaka akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, machozi yakimshuka bila kujaribu kuyafuta.

"Wifi, endelea kuita wewe," akaniambia. "Mimi vijiti sivioni tena."

Nikainama kwenye ndoo, nikaanza kuita. Nilifika jina la tatu, na mimi vijiti nikawa sivioni.